“Ukimsomesha mwanamke…”: hoja tatu za haki ya elimu tunazozichanganya

Tangu Septemba 2021 wasichana wa Afghanistan hawaruhusiwi kuendelea na shule baada ya darasa la sita, na Desemba 2022 vyuo vikuu navyo vikafungwa kwao. Kila habari hii inaporudi redioni, mabishano yanayofuata huku kwetu huenda kwa mtindo uleule. Mmoja anauliza: mbona wanasoma, si wanafika darasa la sita? Mwingine anajibu kwamba ukimsomesha mwanamke umeisomesha jamii nzima, kwa hiyo nchi ile inajiumiza yenyewe. Wa tatu anahitimisha kwamba mambo haya ya usawa yameletwa juzi juzi na Wazungu kwenye semina za wafadhili.

Watatu hao wanadhani wanabishana juu ya jambo moja, kumbe kila mmoja yuko kwenye jambo lake. Ubishi wenyewe ni mkongwe. Kwenye maandishi ya Ulaya pekee una zaidi ya miaka 600, na baadhi ya waliouanzisha waliupanga vizuri kuliko tunavyoupanga leo.

Kwanza tuweke maneno sawa. Elimu kwa wanawake ni dai kwamba wafundishwe kitu fulani: kusoma, dini, kushona, malezi. Karibu kila jamii imelikubali dai hili kwa kiasi fulani, hata zile kali. Haki sawa ya elimu ni dai jingine: kile anachoruhusiwa kujifunza mwanamume, kwa kiwango kilekile na mtihani uleule, mwanamke asizuiwe kwa sababu tu ni mwanamke. Mtu anaweza kulitetea dai la kwanza maisha yake yote na bado akalipinga la pili.

Halafu kuna hoja tatu zinazotumika kulitetea dai la pili. Hoja ya uwezo inauliza: anaweza kujifunza? Hoja ya manufaa inauliza: akijifunza, nani anafaidika? Hoja ya haki inauliza: nani alipewa mamlaka ya kumzuia? Zinafanana kwa juu, lakini kila moja ina mahali pake pa kuvunjika.

Anaweza?

Swali la uwezo lilitangulia kwa sababu ndilo lililotumika kufunga mlango. Vyuo vikuu vya Ulaya ya zama za kati viliandaa mapadri, wanasheria na matabibu, kazi ambazo wanawake walizuiwa. Kwa kuwa hawakutarajiwa kuzifanya, wengi wao hawakufundishwa Kilatini, na bila Kilatini huingii kwenye mhadhara wala husomi kitabu cha fani. Vikapita vizazi, kisha wasomi wakatazama huku na huku, wasione wanasheria wanawake, wakasema: si mnaona, hawana vichwa vya elimu.

Christine de Pizan aliuona mduara huu mapema. Alizaliwa Venice mnamo 1364, akakulia Paris katika makao ya mfalme Charles wa Tano, ambako baba yake alikuwa tabibu na mnajimu. Akiwa na miaka 25 alifiwa na mume, akabaki na watoto watatu wa kulea, na kalamu ndiyo iliyowalisha. Katika kitabu chake cha 1405 kuhusu mji unaojengwa na wanawake, anasema kwamba kama ingekuwa desturi kuwapeleka mabinti shule kama wavulana na kuwafundisha sayansi vivyo hivyo, wangejifunza na kuelewa undani wa kila fani sawasawa na wao. Anaongeza habari za nyumbani kwao: baba yake alifurahi kumwona akipenda kusoma, mama yake ndiye aliyetaka ashike kazi ya kusokota nyuzi. Hapo wanaodhani kwamba kikwazo huwa ni wanaume peke yao wana la kutafakari.

Tazama jinsi hoja ilivyosukwa. Hadai kwamba kila mwanamke ni mwerevu. Anachosema ni kwamba jaribio halijawahi kufanyika, kwa hiyo matokeo yake hayajulikani. Ni sawa na kumnyima mtu usukani miaka ishirini, siku moja ukamkabidhi lori juu ya mteremko wa Kitonga, na linapomshinda ukawageukia abiria: niliwaambia huyu hawezi kuendesha.

Mfaransa François Poulain de la Barre alilikaza jambo hili mwaka 1673. Alikuwa mfuasi wa mwanafalsafa Descartes, na alichukua kanuni ya mwalimu wake ya kutokubali jambo mpaka liwe limethibitika, akaielekeza kwenye imani iliyokuwa imeenea kuliko zote, yaani kwamba wanawake ni duni. Alipoichambua alikuta mazoea tu. Alitoa hoja mbili ambazo bado zinatembea. Moja, akili haina jinsia: tofauti ziko kwenye mwili, na kufikiri hakufanyiki kwa viungo vya uzazi. Ya pili, karibu yote yaliyoandikwa kuhusu wanawake yameandikwa na wanaume, nao katika kesi hii ni hakimu na ni mdai kwa wakati mmoja, kwa hiyo ushahidi wao utiliwe shaka kwanza. Hakimu mwenye masilahi kwenye kesi hujiondoa. Hilo hata baraza la kata linalijua.

Anna Maria van Schurman wa Utrecht, Uholanzi, alipita njia nyingine, njia ya mantiki ya shuleni. Chuo kikuu cha mji huo kilipofunguliwa mwaka 1636 yeye ndiye aliyeombwa kuandika shairi la Kilatini la ufunguzi, na akaruhusiwa kusikiliza mihadhara akiwa amefichwa kwenye kibanda ili wanafunzi wanaume wasimwone. Alijua lugha zaidi ya kumi, na hata aliandika sarufi ya Kigiizi, lugha ya kanisa la Ethiopia. Tasnifu yake ya 1641 inauliza kama inafaa mwanamke Mkristo asome elimu ya vitabu, kisha inajibu kwa ngazi. Yeyote aliyeumbwa na mbegu za kanuni za elimu ndani yake anafaa kuisoma; wanawake wameumbwa nazo; basi wanafaa. Yeyote mwenye shauku ya asili ya kujua anafaa kusoma, wanawake wanayo, basi wanafaa. Anayetaka kumpinga lazima avunje ngazi mojawapo, na ngazi ya pili ni ngumu kuvunja bila kusema kwamba mwanamke si binadamu kamili.

Ila ukimsoma hadi kwenye masharti, unakuta ameubana mlango: mwanafunzi awe na akili ya kutosha, awe na uwezo wa kulipa, awe na nafasi, yaani asiyelemewa na kazi za nyumba. Binti wa mfua nguo hayumo.

Hapa ndipo hoja ya uwezo inapovunjika ikisimama peke yake. Inahitaji mifano, na kila mfano unaweza kutupwa kando kwa neno moja: huyo ni wa pekee. Juni 1678 Elena Cornaro Piscopia alitunukiwa udaktari wa falsafa huko Padova, Italia, baada ya askofu kukataa apewe wa theolojia. Ungedhani sasa mjadala umekwisha, mwanamke ameweza, wenzake wapite. Haikuwa hivyo. Padova ilimsherehekea kama ajabu na mlango ukafungwa nyuma yake. Kipaji cha mmoja hakiwafungulii wengine, kinaweza hata kuwafungia, kwa sababu kizingiti kinapandishwa mpaka kwenye urefu wake: mkiwa kama yeye, njooni. Mvulana wa wastani haulizwi swali hilo. Anaingia na wastani wake.

Kabla ya kutoka kwenye uwezo, kuna mwanamke wa Mexico asiyefaa kurukwa. Sor Juana Inés de la Cruz alikuwa mtawa na mshairi, mwenye maktaba yake na vyombo vya sayansi. Askofu wa Puebla alimwandikia barua ya kumtaka apunguze elimu ya dunia, akijificha kwa jina la kike, “Sor Filotea”. Jibu lake la Machi 1691 linaanza kwa unyenyekevu mwingi, kisha linakata. Anaeleza kwamba akiwa mtoto alimsihi mama yake amvalishe nguo za kiume ampeleke chuo kikuu, akakataliwa. Kwamba alipojifunza Kilatini alijikata nywele na kujipa muda, na zikiota kabla hajalijua somo alilojipangia, alizikata tena, kwani kichwa kitupu cha maarifa hakistahili pambo. Kuna wakati alikatazwa vitabu, basi akasoma kwa macho jikoni. Yai likiwekwa kwenye siagi au mafuta hushikamana, likiwekwa kwenye shira hutawanyika. Sukari inabaki majimaji ukiitia tone la maji yaliyolowekwa tunda kali. Anamaliza kwa mzaha kwamba Aristotle angepika, angeandika mengi zaidi.

Watu hunukuu mzaha huo kama kichekesho, ilhali ni hoja nzito. Jiko lilikuwa ndipo wapinzani walipomwambia arudi. Alirudi, akakuta kemia. Isitoshe, kwenye barua hiyohiyo anatoa pendekezo la vitendo: wanawake wazee wenye elimu wawafundishe wasichana, kwa sababu wazazi wengi hukatisha masomo ya binti wakiogopa kumwachia mwalimu mwanamume faragha. Hofu hiyo mpaka leo inawatoa wasichana shuleni, na tiba yake aliitaja mtawa miaka zaidi ya 300 iliyopita: ajiri walimu wanawake.

Nani anafaidika?

Hoja ya manufaa ndiyo tunayoijua sana, imo kwenye ile methali ya majukwaani. Msomeshe mwanamke, watoto watakuwa na afya, nyumba itakuwa safi, nchi itaendelea. Si uongo. Tatizo ni kwamba hoja hii inaweza kushikwa na yeyote, hata mpinzani mkubwa wa usawa, na akaigeuza bila kubadilisha neno.

Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau aliifanya kazi hiyo mwaka 1762. Katika sehemu ya tano ya *Émile*, kitabu chake cha malezi, anamleta Sophie, msichana anayeandaliwa kuwa mke wa kijana Émile, na anasema wazi kwamba elimu yote ya wanawake ilinganishwe na mahitaji ya wanaume: kuwapendeza, kuwafaa, kuwalea wakiwa wadogo, kuwatunza wakiwa wakubwa, kuwafariji. Huyu hapingi elimu kwa wanawake, anaitaka sana. Kipimo chake ni manufaa, na mwenye kufaidika si mwenye kusoma.

Anatoa hata ushahidi. Kulikuwa na kasichana, anasema, kalikojifunza kuandika kabla ya kusoma, tena kwa sindano kabla ya kalamu. Kwenye alfabeti nzima kalipenda O tu: O kubwa, O ndogo, O ndani ya O. Siku moja kakajiona kwenye kioo, kakaona mkao wa kuandika unakaharibia umbo, kakatupa kalamu. Kwa Rousseau hiyo ni dalili kwamba msichana kwa maumbile yake anajali sura kuliko herufi.

Mwingereza Mary Wollstonecraft aliyasoma hayo akiwa na jambo ambalo Rousseau hakuwa nalo: alikuwa mwalimu. Alizaliwa London mwaka 1759, alianzisha shule ya wasichana Newington Green mwaka 1784, kisha akawa mwalimu wa nyumbani kwa familia ya kikabaila huko Ireland. Jibu lake ni la mtu wa darasani: huenda nimepata nafasi ya kuwatazama wasichana wengi utotoni kuliko J. J. Rousseau. Alichokiona ni kwamba msichana ambaye hajazimwa kwa kukalishwa ndani na kusifiwa sura hukimbia na kucheza kama kaka zake. Kioo anafundishwa, hazaliwi nacho.

Karibu miaka 30 baada ya *Émile*, ile hoja ya Rousseau ikageuka mswada. Septemba 1791, Mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yamepamba moto na tangazo la haki za binadamu lina miaka miwili, mwanasiasa Talleyrand aliwasilisha bungeni mpango wa elimu ya umma. Wasichana waliruhusiwa shule ya msingi hadi umri wa miaka minane. Baada ya hapo warudi kwa wazazi wao wajifunze maisha ya nyumbani, kwa kuwa hayo ndiyo yangekuwa na manufaa kwao na kwa taifa. Sasa mrudie yule aliyeuliza “si wanafika darasa la sita?” Jibu la mwaka 1791 linamtosha: kuruhusiwa mpaka mstari fulani si haki sawa, ikiwa mstari huo umechorewa upande mmoja tu.

Hoja ya manufaa ikitumika peke yake huharibika kwa namna inayotabirika. Kwanza inapunguza mtaala: kama lengo ni mama bora, kemia ya nini? Serikali za kikoloni huku kwetu zilifuata njia hiyohiyo, shule nyingi za wasichana zikajazwa upishi, ushonaji na malezi. Sayansikimu ni somo zuri, na wavulana nao wangelihitaji. Kasoro ni kuliweka mahali pa hesabu. Pili, inamwacha nje asiyetarajiwa kuleta faida: mgumba, mlemavu, mwanamke wa miaka 50 anayetaka kujua kusoma tu kwa raha yake. Na ada zikibana inakosa nguvu kabisa, kwani baba naye ana hesabu yake ya manufaa: huyu ataolewa, faida itakwenda kwa watu wengine. Umempa kipimo cha faida, amekitumia. Huna tena cha kumjibu.

Nani alimpa mamlaka?

Januari 1792 Wollstonecraft alichapisha *A Vindication of the Rights of Woman* (Utetezi wa Haki za Mwanamke) kwa mchapishaji Joseph Johnson, na akakielekeza kitabu kwa Talleyrand mwenyewe. Kilitoka toleo la pili mwaka uleule, kikafasiriwa Kifaransa na kuchapwa Marekani. Ndani yake hoja zote tatu zimo, lakini ya tatu ndiyo iliyolenga ubavuni.

Anamuuliza Talleyrand: ninyi mnapigania kila mwanamume ajiamulie lililo jema kwake; nani basi alimfanya mwanamume kuwa hakimu pekee, ikiwa mwanamke naye amepewa akili? Kisha anakaribia kuuma: watawala dhalimu wa kila aina, tangu mfalme dhaifu hadi baba dhaifu wa familia, hubishana kwa mtindo huo, wote wana haraka ya kuponda akili za wengine, na wote husisitiza kwamba wanafanya hivyo kwa manufaa tu. Kwa maneno hayo aliutaja udhaifu wa hoja ya manufaa kabla haijawa methali ya majukwaani.

Msingi wake wa haki ni mfupi. Binadamu hutofautiana na mnyama kwa akili. Wema wa kweli ni ule unaotokana na kuelewa, utii wa kipofu haumo. Kwa hiyo anayekuzuia kukuza akili anakuzuia kuwa binadamu mwema. Haihitaji faida ya jirani. Haihitaji hata kipaji, kwani asiye na kipaji kikubwa naye anawajibika kwa matendo yake. Rousseau alikuwa ameonya kwamba wanawake wakisomeshwa kama wanaume, watapoteza nguvu zao juu ya wanaume. Wollstonecraft akamjibu kwamba hicho hasa ndicho anachokitaka: “Sitaki wawe na mamlaka juu ya wanaume, bali juu ya nafsi zao.”

Lakini kilichowakera wasomaji wengi, nadhani, ni mfano wake wa askari. Wapinzani walisema wanawake kwa maumbile wanapenda mavazi, ngoma, umbea na kusifiwa. Akawaonyesha maafisa wa jeshi la kudumu. Nao, alisema, huingizwa duniani wakiwa vijana kabla akili haijakomaa. Huokota maarifa juu juu kwa mazungumzo, bila mpangilio. Hufundishwa kutii bila kuuliza. Matokeo? Wanapenda mavazi, ngoma, vyumba vilivyojaa watu, na kubembeleza. Akamaliza kwa swali: iko wapi tofauti ya jinsia, ikiwa elimu ilikuwa moja? Kisayansi huo ni ulinganisho safi kabisa. Chukua kundi la wanaume, wape malezi yaleyale, tazama tabia. Tabia ikijirudia, sababu haiwezi kuwa mwili.

Hakuishia kwenye hoja. Sura ya 12 ni mpango wa shule, na ina vipimo. Shule za kutwa zianzishwe na serikali. Za watoto wa miaka 5 hadi 9 ziwe bure, kwa matabaka yote, wavulana na wasichana darasa moja. Wote wavae sare ili mtoto wa tajiri asijivune, na wote wafuate nidhamu ileile au waondoke. Darasa lizungukwe na uwanja mkubwa, kwa sababu kwa umri huo mtoto asikalishwe zaidi ya saa moja mfululizo. Masomo: kusoma, kuandika, hesabu, elimu ya viumbe, majaribio mepesi ya sayansi, mimea, nyota, dini, historia na siasa zifundishwe kwa maswali na majibu.

Na kwa nini serikali, wasiwe wazazi wanaolipa? Kwa sababu mwalimu anayekula kwa ada, alisema, atawafurahisha wanaolipa. Muda utapotea kuwakaririsha watoto maneno wasiyoyaelewa, ili wazazi waliovaa vizuri waje wasikilize wanavyoyatapika kama kasuku. Aliyewahi kukaa kwenye mahafali ya chekechea ya kulipia hahitaji maelezo zaidi.

Kuna mahali anateleza, na si vizuri kumsafisha. Baada ya miaka 9 anagawa: watoto wanaotazamiwa kazi za nyumbani na ufundi waende shule nyingine, asubuhi pamoja, mchana wasichana wakashone nguo na kutengeneza kofia, wenye vipaji au mali waendelee na lugha, sayansi na siasa, wavulana kwa wasichana. Alibomoa ukuta wa jinsia akaacha wa tabaka umesimama. Vilevile anarudia mara kwa mara kwamba mwanamke msomi atakuwa mama na mwenzi bora. Inaeleweka, alikuwa akimshawishi mwanasiasa. Lakini akitumia mlango huo anamruhusu Rousseau arudi ndani.

Yanayosemwa kimakosa

Husemwa kwamba wanawake hawa walikuwa wanapinga dini. Kinyume chake, dini ndiyo iliyokuwa ardhi waliyosimama. Mwingereza Mary Astell, katika pendekezo lake la 1694 la kuanzisha nyumba ya masomo kwa wanawake, alisema Mungu hakuwapa roho zenye akili ili zioze bila kutumiwa. Wapinzani wake hawakumwita kafiri, walimshuku kwamba analeta utawa wa Kikatoliki kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1709 shule ilifunguliwa kweli chini ya uangalizi wake, huko Chelsea, ila ilikuwa ya mabinti maskini.

Husemwa pia kwamba walidai wanaume na wanawake wako sawa kwa kila kitu. Wollstonecraft anakubali kwenye utangulizi kwamba kwa nguvu za mwili wanaume kwa jumla wamezidi. Hoja yake ni kwamba nguvu za mwili hazina uhusiano na nani afundishwe kufikiri.

La “Wazungu wameleta” ndilo linalohitaji muda. Wollstonecraft mwenyewe amechangia, kwa kuandika kana kwamba Uislamu unafundisha kuwa mwanamke hana roho. Si kweli. Qurani, kwa mfano sura ya 33 aya ya 35, inawataja waumini wanaume na waumini wanawake bega kwa bega katika wema na malipo yake. Alirudia uvumi wa Ulaya ya wakati wake bila kuuchunguza, jambo alilowalaumu wengine kulifanya.

Wakati huohuo, katika nchi ambayo leo ni Nigeria ya kaskazini, mwanazuoni wa Kiislamu Usman dan Fodio aliwashutumu wanazuoni wanaowaacha wake na mabinti zao gizani huku wakifundisha wanafunzi wengine, akisema wanawatendea kama chombo cha nyumbani: kinatumika mpaka kivunjike, kisha kinatupwa jaani. Binti yake Nana Asma'u, aliyezaliwa 1793, mwaka mmoja baada ya kitabu cha Wollstonecraft, aliigeuza hoja kuwa mfumo. Alitunga mashairi ya mafundisho kwa Kihausa, Kifulani na Kiarabu, akawaandaa wanawake viongozi walioitwa kwa Kihausa jaji (si jaji wa mahakamani), nao wakayahifadhi kwa moyo na kwenda kuwafundisha wanawake wa vijijini majumbani mwao. Mfumo huo, 'Yan Taru, ulimfuata mwanamke nyumbani kwake, na ulitegemea zaidi kuhifadhi kwa moyo.

Pwani yetu nayo ina ushahidi unaopingana, na huo ndio utamu wake. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, akiwa mgonjwa, anamwita bintiye aketi “na wino na qaratasi”. Utenzi wenyewe unafahamika kwa kuhimiza utii kwa mume, lakini beti zake za mwanzo zinatoa picha ya mama mtunzi na binti mwenye kalamu. Miaka hiyohiyo Unguja, Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alifundishwa kusoma Qurani tu. Kuandika hakukuwa kwa wasichana. Katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886 anasimulia alivyojifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, ubao wa kuandikia wa wakati huo. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua Majid, ndugu yao aliyekuwa Sultani, msichana huyo wa miaka 15 ndiye aliyeandika barua za njama. Waliohofia kalamu mkononi mwa mwanamke walijua wanachokihofia: anayesoma tu hupokea maneno ya wengine, anayeandika hutuma yake.

Hoja hizi zimekwenda wapi

Zimeingia kwenye sheria, na ukijua kuzitofautisha unaziona. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW, ulipitishwa Desemba 1979. Kenya iliuridhia 1984, Tanzania 1985, Afghanistan 2003. Ibara ya 10 haizungumzii jamii kufaidika. Inadai mtaala uleule, mitihani ileile, walimu wenye sifa za kiwango kilekile, majengo na vifaa vya ubora uleule. Inahimiza wavulana na wasichana kusoma pamoja kama njia mojawapo ya kuondoa dhana za majukumu ya kijinsia, kama alivyotaka Wollstonecraft. Na inataka mipango kwa wasichana walioacha shule kabla ya wakati.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichotusumbua. Katika ubishi wa wanafunzi waliopata ujauzito, wanaotaka wafukuzwe husema kwa lugha ya manufaa: atakuwa mfano mbaya, wenzake watajifunza nini. Wanaowatetea nao mara nyingi hujibu kwa manufaa: akisoma atamlea mtoto vizuri. Mzani unabaki palepale, faida dhidi ya faida, na kila upande una takwimu zake. Hoja ya haki inauliza jambo dogo zaidi: mvulana aliyempa mimba yuko wapi asubuhi hii? Kama yuko darasani, mstari umechorwa upande mmoja, kama ule wa Talleyrand. Kenya iliweka sera ya kuwarudisha wasichana hao mwaka 1994. Tanzania, iliyokuwa na kanuni za 2002 zilizotumika kuwafukuza, ilitangaza Novemba 2021 kwamba wanaweza kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua.